Majongoo Bahari Waliomsimamia Mlezi Mkuu

Ilikuwapo nchi moja, wala haikuwa jirani, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kugeuka kutazama dirishani. Ilikuwa mbali, ng'ambo ya mbali yenyewe, na jina lake lilikuwa limetolewa kwenye ramani kwa muda ili likafanyiwe ukarabati.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na adabu kupita kiasi. Likitajwa jina la Mlezi Mkuu, kila mwenye magoti alisimama. Kinyozi alisimama na wembe wake, na mteja akasimama na nusu ya ndevu. Mgonjwa alisimama juu ya kitanda, na aliyeshindwa aliinuliwa na nduguze wakamshika makwapani. Hata kwenye uwanja wa mpira, kipaza sauti kikilitaja jina, mlinda mlango alikaza mikono mapajani akatulia kama mlingoti, na timu ya taifa ikafungwa mabao ya heshima miaka nenda miaka rudi.

Tena walikuwa wakarimu. Huko kwao, sinia la karamu ya Ikulu likirudi jikoni tupu ilikuwa aibu ya taifa zima, maana ilionyesha kuwa mgeni hakushiba. Basi wapishi walipika chakula cha watu elfu kwa wageni mia, na ukubwa wa karamu ukapimwa kwa masazo. Waziri aliyerudisha pilau nusu sinia alipongezwa. Aliyerudisha sinia bila kuligusa alipandishwa cheo. Na karamu hazikukatika: leo siku aliyozaliwa Mlezi Mkuu, kesho siku alipoota jino, keshokutwa kumbukumbu ya karamu ya juzi. Kuwagawia watu masazo ilionekana ni kuwavunjia watu heshima, kwa hiyo yote yalisukumwa kwa bomba nene hadi Ghuba ya Mkupuni, yakamwagwa chini ya maji, kwa staha, pasipo mtu kuona.

Na hapo Mkupuni ndipo Mize alipokuwa na zizi lake.

Zizi lenyewe lilikuwa nyavu zilizokitwa kwa miti ya mikoko. Maji yakitoka yanamfika magotini, yakijaa yanapita juu ya kichwa. Ndani walilala majongoo bahari. Asiyewahi kumwona jongoo bahari na afikirie tango lililoacha kazi: amelala mchangani, anakula mchanga, ananya mchanga, na mchanga anaounya ni safi kuliko alioula. Hagombani na mtu. Mize aliwapata wakiwa kama kucha ya kidole gumba, akawalea, akawafukuzia kaa, akawahesabu kila maji yakitoka kama mtu ahesabuye kuku. Mume alikuwa amekwenda mbele ya haki, shamba hakuwa nalo, duka hakuwa nalo. Alikuwa na zizi. Likienda zizi, kimekwenda kila kitu.

"Shoga," jirani yake Mwanakheri alizoea kumwambia, amejishika kiuno ufukoni, "watu wanafuga mbuzi, wewe unafuga kinyesi chenye roho."

"Na wewe unafuga mume asiyefanya kazi," Mize humjibu bila kuinua kichwa. "Mimi nimewahi kukucheka?"

Ndivyo walivyosalimiana.

*

Asubuhi moja maji yalitoka yakaacha harufu ya mayai viza. Ghuba ilikuwa ya kijani nzito, kama mtu amepondaponda mchicha akaumwaga. Mize aliingia majini huku amejiziba pua kwa ncha ya khanga, na alipofika kwenye zizi akasahau pua.

Kila aliyeishi chini alikuwa amepanda juu. Kombe, ambao maisha yao ni kujizika, walikuwa wamejifukua wakalala juu ya mchanga midomo wazi. Minyoo ya matopeni imechomoza nusu mwili, imesimama kama vidole vya mtu aliyezikwa hai. Viti vya pweza, wale nyota wa baharini, wamejiinua kwa ncha za mikono, kama bibi harusi anayevuka tope na hataki nguo iguse. Kaa wamekwea miti ya zizi, mmoja kichwani mwa mwenziwe. Na majongoo bahari wake, wale matango walioacha kazi, walikuwa wamesimama. Nusu ya mwili juu, wakiyumba, wameelekeza vinywa kwenye mwanga.

"Wamepagawa!" alipiga kelele Mwanakheri kutoka ufukoni. "Mize, toka humo! Hao wamepandwa!"

"Hawajapandwa. Wanatafuta kitu."

"Kitu gani?"

Mize hakujua. Alijua tu namna ile ya kuinua kichwa. Mumewe aliinua hivyo hivyo siku ya mwisho, pumu ilipomkaba.

Serikali ilikuwa na mtaalamu wa mambo hayo, Dakta Chambuso wa Idara ya Maji ya Chumvi, kijana mwenye miwani na viatu ambavyo havikuumbwa kwa tope. Alikuja na kidude chenye waya mrefu, akautumbukiza, akatazama kioo chake, akakipigapiga, akatazama tena.

"Mama Mize," alisema, "maji haya hayana pumzi."

"Maji yana pumzi, mwanangu?"

"Yana. Ndiyo wanayovuta hawa. Sasa masazo yanayomwagwa hapa yanaoza, na uozo wenyewe unakula pumzi yote iliyomo. Kule juu bado imo kidogo. Huku chini imekwisha."

"Ndiyo maana samaki siwaoni."

"Samaki wamehama. Mwenye mapezi ana pasi ya kusafiria. Hawa wa chini watakwenda wapi, na mwendo wao ni shubiri moja kwa siku? Wamesimama kwa kuwa ndicho kitu pekee walichobakiwa nacho."

"Na dawa yake?"

Dakta alitazama huku, akatazama kule, akashusha sauti mpaka ikawa kama ya jongoo bahari mwenyewe. "Bomba lifungwe."

*

Habari ikapanda ngazi. Katika nchi ile habari haikuruhusiwa kupanda na uzito wake, kila mlango iliacha kitu. Mlango wa kwanza iliacha bomba, kwa kuwa bomba lilizinduliwa na mtu mkubwa. Mlango wa pili iliacha harufu, kwa kuwa waziri alikuwa anakula. Wa tatu iliacha pumzi. Ilipofika mezani kwa Mheshimiwa Ngwengwe, Waziri wa Taadhima, ilikuwa imebaki nyepesi na nzuri: Viumbe wote wa chini huko Mkupuni wamesimama.

Mheshimiwa Ngwengwe alikuwa mtu mnene mwenye machozi ya karibu. Aliweka kijiko chini.

"Wamesimama saa ngapi?"

"Asubuhi, Mheshimiwa," alijibu katibu.

"Na vipaza sauti vya kijiji asubuhi husema nini?"

"Husema jina la Mlezi Mkuu, Mheshimiwa." Wote wawili wakasimama, kisha wakakaa.

"Basi!" Waziri alipiga meza, na machozi yakafika. "Basi! Sisi tumefundishwa, tumechapwa, tumetozwa faini mpaka tukajua kusimama. Wale hawana masikio, hawana hata magoti, na wamesimama wenyewe kwa mapenzi! Tayarisha gari. Tayarisha matarumbeta."

Wakaja Mkupuni na matarumbeta. Waziri alipanda juu ya jukwaa lililotandikwa zulia mpaka ndani ya tope, pua imezibwa kwa leso yenye marashi, akawahutubia wakazi wa chini ya bahari.

"Ndugu zangu kombe! Ndugu zangu minyoo! Serikali yenu imewaona. Kwa miaka mingi mmeishi matopeni, na serikali, kwa makusudi mazuri kabisa, ikawaacha huko mkomae. Leo mmeibuka! Nani atasema tena kwamba walio chini hawaipendi nchi hii? Mlezi Mkuu," na hapo ufuko mzima ukakaza magoti, "ameguswa. Ameagiza mfanyiwe karamu. Karamu kubwa kuliko ya balozi yeyote. Nanyi kwa kuwa ni wageni wa heshima, hamtaletewa sinia. Mtaletewa bomba la pili!"

Matarumbeta yakalia. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wamesimama tayari na mikono ilikuwa haina kazi.

Mize alijipenyeza mpaka mbele. "Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Wewe ndiye mlezi wa haya matango mazalendo?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa. Naomba ruhusa niwahamishe. Nje ya mwamba maji ni mazima. Naomba siku moja tu na mtumbwi, nitawabeba mwenyewe."

"Uwahamishe!" Waziri aligeukia wasaidizi wake, na wasaidizi wakashangaa kwa mpangilio. "Mama, hawa wako kwenye maandamano ya mapenzi. Mtu akiyatawanya maandamano ya mapenzi, sheria inamwitaje?"

"Lakini hawana pumzi, Mheshimiwa. Muulize daktari wako, huyu hapa."

Dakta Chambuso akasukumwa mbele na kidude chake. Akaanza kueleza, na alieleza vizuri. Waziri alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Hicho kidude, daktari, kinapima pumzi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na mapenzi kinapima?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakikutengenezwa kwa—"

"Basi ni kibovu. Kimeletwa mahali penye mapenzi tele, kimesoma sifuri." Akamwekea Dakta mkono begani. "Lakini wewe kijana nimekupenda. Umesema kweli bila woga, na nchi yetu inawatafuta watu wa namna hiyo iwape vyeo kabla hawajaendelea. Kuanzia leo wewe ni Kamishna wa Shangwe."

Wakamvisha joho papo hapo, zito, la shingo ya kubana. Waziri alipoondoka, Mize alimfuata yule kijana nyuma ya jukwaa.

"Mwanangu, sasa una cheo. Waambie tena."

"Mama," alijibu Kamishna, akijaribu kuilegeza shingo ya joho, "nilipokuwa sina cheo nilikuwa na la kusema na sina wa kumwambia. Sasa wa kumwambia ninao."

"Ehe?"

"Basi. Ndiyo hivyo."

*

Karamu ya viumbe wa chini ilidumu wiki nzima. Pilau ilishuka, biriani ikashuka, mikate ya sinia ikashuka mizima kama mawe ya kusagia. Wenyeji wa ghuba wanasema siku ya halua maji yaliganda hata kunguru akatembea juu yake, na anayebisha na aende akamuulize kunguru. Maji yakatoka kijani yakaingia kahawia. Chini kabisa, juu ya tope, ukatanda utando mweupe kama ukungu wa mkate.

Wa kwanza kuanguka walikuwa viti vya pweza. Mikono yao ililegea wakalala, na waliolala hawakuamka. Minyoo ikanywea. Kombe wakabaki wazi, na ndani yao hamna tena wa kufunga. Kaa waliodumu juu ya miti walianguka mmoja mmoja, pwa, pwa, kama maembe mabovu.

Mize alikuwa ndani ya zizi na beseni. Ruhusa hakupewa, lakini na yeye alikuwa amechoka kuomba. Alipapasa kwenye tope, kila aliyemgusa akamwona ameyeyuka mkononi kama sabuni iliyosahauliwa majini. Alipapasa, akatupa, akapapasa. Mwanakheri, aliyekuwa ametia nia ya kumkejeli, alimtazama kitambo, akafunga khanga kibwebwe akaingia naye.

"Huyu je?"

"Amekwisha huyo."

"Na huyu?"

"Lete. Huyo bado."

Waliopatikana wazima walitosha vidole vya mikono miwili, na kidole gumba kimoja kikabaki. Wakawabeba mpaka uani kwa Mize. Mume wa Mwanakheri, yule asiyefanya kazi, alitumwa nje ya mwamba kuleta maji mazima kwa madumu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akaonekana anatoka jasho. Lakini maji ya beseni nayo hayakukaa sana. Kabla ya adhuhuri majongoo walikuwa wamesimama tena humo humo, wanayumba.

Mize alikaa chini kwenye kigoda akawatazama. Hakuwa na la kufanya. Mtu asiye na la kufanya mikono yake humfanyia. Mkono wake ukachukua kata ya kifuu, ukateka maji ya beseni, ukayainua juu na kuyamimina, kama mtu anayempozea mtoto uji. Akateka, akainua, akamimina. Hakuwa hata akiangalia.

"Mize," Mwanakheri alinong'ona. "Tazama."

Jongoo mmoja alikuwa amejishusha. Halafu wa pili. Wakajilaza taratibu juu ya mchanga wa beseni, wakaanza kula, wavivu kama desturi yao. Yale maji yaliyokuwa yakianguka yalikuwa yanabeba pumzi kutoka juu na kuishusha chini.

Alipoacha kumimina ili ajifute jasho, wakaanza kuinuka.

Basi akaendelea.

*

Habari nyingine ikapanda ngazi: Viumbe wa chini huko Mkupuni wamelala. Wote. Jina linatajwa asubuhi, na hakuna anayetikisika.

Mheshimiwa Ngwengwe alilia tena, safari hii kwa hasira. Kula wamekula, wiki nzima, halafu wanalala wakati wa jina! Tena Mlezi Mkuu mwenyewe alikwishatangaziwa kuwa siku ya sherehe ataletewa wazalendo wa baharini wamsimamie mbele ya macho yake. Wasaidizi wakatawanyika kutafuta chochote kinachosimama, hata mwani. Ndipo mmoja akasikia habari za beseni.

Waziri alifika uani kwa Mize na Kamishna wa Shangwe nyuma yake. Mize aliwasalimia bila kuinuka, kwani mkono ulikuwa kazini.

"Mbona wamelala?" aliuliza Waziri, ameinama juu ya beseni. Akanyoosha mgongo akatamka kwa sauti: "Mlezi Mkuu!" Yeye akasimama zaidi ya alivyosimama, Kamishna akasimama, Mwanakheri akasimama na ungo wa mchele. Majongoo wakaendelea kula mchanga.

"Hawa nao ni waasi," alisema Waziri. "Waandikwe."

Hapo Kamishna akafungua mdomo. Labda alidhani anawaokoa, au joho ndilo lililosema. Alitazama miguu yake.

"Mheshimiwa, akiacha kumimina, watasimama."

Mize alimtazama. Kata ikabaki hewani.

Na ilipobaki hewani kitambo, kweli, wakaanza kuinuka. Wa kwanza, wa pili. Waziri akapiga makofi kama mtoto.

"Basi asimimine! Kumbe dawa ni hiyo tu?"

"Mheshimiwa, watakufa," alisema Mize.

"Watakufa wamesimama, mama. Unajua ni wananchi wangapi wanailia bahati hiyo?"

*

Ukumbi wa Taadhima ulijengwa bila madirisha, ili hotuba isivuje. Majongoo walitiwa kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko cha dhahabu, kikawekwa mbele ya jukwaa, na Mize akasimamishwa kando yake, amevaa sare aliyoazimwa na khanga yake juu. Kata alikuwa ameificha ndani ya khanga, ubavuni. Hakuwa amepanga kitu. Alikuja nayo kwa kuwa mkono ulikataa kuiacha.

Mlezi Mkuu alikuwa mzee mdogo mwenye sauti kubwa. Alikuwa na mazoea ya kujitaja kwa cheo, kwa hiyo mtu hakupata nafasi ya kukaa. "Mlezi Mkuu anawasalimu," alisema, wakasimama. "Mlezi Mkuu anawauliza, nani anawalea?" Walikuwa bado wamesimama. Mawaziri, karibu wote wazee, walikuwa wamekunywa sharubati glasi kwa glasi tangu asubuhi, kwa kuwa kukataa sharubati ya Ikulu ni kosa. Sasa walisimama nayo.

Na majongoo wakainuka. Mmoja, wawili, wote tisa, wima kwenye kioo, vinywa juu. Ukumbi ukahema kwa mshangao. Mheshimiwa Ngwengwe alijifuta macho kwa leso ya marashi.

"Mnaona!" alinguruma Mlezi Mkuu. "Hata asiye na mfupa amepata uti wa mgongo katika zama zangu!"

Makofi yakadumu, hotuba ikadumu zaidi. Ikapita historia, ikapita uchumi, ikaingia utotoni mwa Mlezi Mkuu. Hewa ya ukumbi ikawa nzito kama shuka lililolowa. Mize hakusikia neno. Alikuwa anamtazama yule mkubwa wa pembeni, mwenye kovu la kuumwa na kaa, ambaye amemlea tangu alipokuwa kucha. Aliyumba, akajinyoosha mpaka akawa mwembamba kama kamba. Kisha akaanguka. Akafuata mwingine.

"Mwambie asimame," Waziri alimnong'oneza kwa meno.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayejua lugha yao."

Akaanguka wa tatu, wa nne, wa tano.

Basi Mize akasukuma kile kifuniko. Kikaanguka chini kikatoa mlio, na Mlezi Mkuu akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Katika ukimya ule Mize akateka maji kwa kata, akainua mkono mpaka pale unapofika, akamimina.

Chururu.

Akateka tena. Chururu, chururu, chururu.

Askari wawili walipiga hatua, wakasita. Sheria ilikataza kukaa, kupiga chafya, kutoka nje na kukubaliana kwa sauti ndogo. Kumimina maji haikukutaja. Na sauti ile ilikuwa inapita ukumbini, nyembamba, haina haraka. Wa kwanza kuisikia kwa mwili wake alikuwa Waziri wa Ulinzi. Alibana mguu mmoja juu ya mwingine. Waziri wa Fedha akafumba macho, midomo ikisoma dua. Waziri wa Uvumilivu alitoa jasho, akang'ata tai yake, kisha akaondoka kinyumenyume, anainama kila hatua kwa heshima, mpaka mlangoni, na huko akasikika anakimbia. Wakamfuata wote, kinyumenyume, wanagongana makalio. Mheshimiwa Ngwengwe hakuwahi kufika mlangoni. Hilo tuliache.

Mlezi Mkuu alishika jukwaa kwa mikono miwili. "Mlezi Mkuu…" alisema. "Mlezi Mkuu atarejea." Akashuka ngazi kwa vihatua vifupi mno.

Redio ikatangaza jioni ile kwamba serikali nzima imetoka mbio kwenda kushughulikia shida kubwa.

Ukumbini alibaki Mize, na bendi ya matarumbeta, ambayo haikuambiwa iondoke. Aliendelea kumimina. Kamishna wa Shangwe akaja mbele yake, amevua joho, amelikunja mkononi kama nguo ya mtu mwingine.

"Mama Mize, nisa—"

"Shika huko. Kioo kizito hiki, na mkono mmoja nina kazi nao."

Wakatoka nacho hivyo, yeye amekikumbatia, Mize anakwenda kando huku anateka na kumimina, njia nzima mpaka nyumbani.

*

Hawakumkamata. Kumshitaki kungelazimu mtu asimame mahakamani aeleze mawaziri walipatwa na nini, na hakupatikana shahidi. Palitungwa sheria tu kwamba maji yasimiminwe kwa sauti mbele ya viongozi, ikapitishwa bila mjadala, wabunge wamebana miguu. Kisha ikafanyika karamu ya kupongeza sheria, na kwa kuwa ilikuwa karamu kubwa, likalazwa bomba la tatu.

Uani kwa Mize walibaki majongoo wanne. Ghubani hawarudishiki, maana huko hakuna kinachosimama wala kinacholala, ni utando mweupe mwanzo mpaka mwisho. Nje ya mwamba ndiko walikotegemea, ila Chambuso, ambaye sasa hana cheo wala viatu, alikwenda na kidude chake akarudi kichwa chini. Uozo umefika huko nao. Maji ya madumu yanatafutwa mbali zaidi kila safari, na mume wa Mwanakheri amekonda.

Kwa hiyo wanamimina. Mize akichoka anapokea Mwanakheri, Mwanakheri akichoka anapokea Chambuso, na wakipokezana vibaya, sekunde chache tu, vichwa vinne vinaanza kuinuka kwenye beseni.

Alasiri moja Mwanakheri alikaa kizingitini anachambua mchicha, anamwangalia mwenziwe. Bega la kulia la Mize lilikuwa limeshuka chini kuliko la kushoto.

"Shoga," alisema. "Na hii itakuwa mpaka lini?"

Mize alimimina. Kule mlimani, moshi wa jiko la Ikulu ulikuwa umeanza kupanda, mweusi, mnene, wa sufuria nyingi.

"Mpaka washibe," alisema.

Mwanakheri akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu kicheko kikamwishia, akautazama ule moshi. Akaweka mchicha chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaja akapiga magoti kando ya beseni.

"Lete hiyo kata. Kaulaze mkono huo."